Kipato kwa Mwezi

Fomu inauliza: kipato cha mzazi kwa mwezi.
Baba anasogeza taa ya sola, anauliza mwezi gani.

Maana Novemba tunapanda, na Novemba haina hela.
Februari tunachuma jani bichi, mikono inanata weusi,
usiku tunachochea bani kwa zamu,
na Februari nayo haina hela.
Hela ina siku moja tu hapa Usoke:
marobota yamepangwa mstari,
mteuzi anapita, anavuta jani, analinusa,
anataja daraja bila kututazama.

"Kisanduku kinataka namba," nasema.
"Hakina nafasi ya maelezo."

Basi analeta kopo la stakabadhi.
Milioni mbili, laki moja na elfu arobaini.
Toa mbolea. Toa kamba, toa nailoni, toa ushuru,
toa deni la msimu ule wa mvua ya mawe,
chama hakikulisahau, ingawa sisi tulijaribu.
Imebaki laki saba na elfu ishirini na nane.
"Gawa kwa kumi na mbili."
Nami niliyepata A ya hesabu nagawa:
elfu sitini, mia sita sitini na sita,
nukta,
sita, sita, sita.
"Inaisha lini?"
"Haiishi, baba."
Akacheka, mara ya kwanza tangu soko lifungwe.
"Andika zote. Wasije wakasema tumeficha senti."

Kisha akauliza, hii ni ruzuku au mkopo?
Ruzuku anaijua, ya mbolea:
unapewa namba, unapanga foleni,
ukifika dirishani mifuko imekwisha.
Nikamwambia ni mkopo.
"Afadhali," akasema. "Deni nalijua sura."

Mwenyekiti Kapalata aliandika barua kwa kalamu ya kijani:
*kaya hii haijiwezi.*
Mama akamwomba aisome tena, polepole.
"Nani hajiwezi? Tisa wanakula kwangu,
na kuni za bani nakata mwenyewe.
Andika tunajiweza, ila hela hatuna."
Mwenyekiti akasema, mama Kalunde,
maneno hayo Bodi hawana pa kuyaweka.
Wakanyamaza wote wawili.
Mhuri ulikuwa mkavu, akaupulizia pumzi mara tatu,
ukatoka nusu: *KIJIJI CHA US*
na mama akaikunja barua bila kuitazama,
maandishi ndani, kama mtu anayekunja nguo ya mgonjwa.

Mama mdogo Nyamizi alikubali kunidhamini.
Alipiga picha ya pasipoti kwa blauzi ya kuazima,
macho wazi mno, kama anaapa.
"Ukishindwa kulipa watakuja kuchukua nini kwangu?"
Akahesabu: mizinga sita ya nyuki,
na nyuki wenyewe hawajawahi kumtii mtu.

Urambo, steshenari ya Hamduni, mashine ilikataa.
*Weka namba kamili,* maandishi mekundu.
Nikafuta sita moja, na nyingine,
nikarudi nyuma mpaka kwenye nukta,
nikaifuta na nukta.
Ilikuwa chini ya shilingi moja.
Hata hivyo nilitazama mlangoni,
kana kwamba baba amesimama pale na kopo lake.
Barua ikakataliwa kwa uzito, ikapunguzwa,
ikapita ikiwa na ukungu,
neno *haijiwezi* halisomeki vizuri.
Sikumwambia Hamduni airudie.

Nilifika nyumbani jua linazama nyuma ya mabani.
"Wamesemaje?"
"Wamesema ombi limepokelewa."
Baba akatikisa kichwa.
Robota nalo hupokelewa, linapimwa, linawekwa lebo,
unarudi nyumbani na karatasi,
na daraja lake unalisikia baadaye,
kutoka kwa mtu mwingine.

Akaichukua ile karatasi ya mahesabu
akaitia koponi pamoja na stakabadhi za msimu.
Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameendelea peke yake,
sita, sita, sita,
mpaka ukingo wa karatasi.